"Mboga" ya jikoni kwetu na "shakahari" ya mgeni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie neno moja linalotukosesha sisi wapishi wa hoteli za Arusha, nalo ni "mboga".

Mwaka jana, katika hoteli moja ya hapa mjini nilikokuwa nikipika, familia iliyotoka India ilimweleza mhudumu kuwa wao ni "shakahari". Mhudumu akaja jikoni akasema wageni wanakula mboga, nasi tukawaandalia wali na mchanganyiko wa viazi, karoti na njegere uliopikwa kwa supu ya ng'ombe. Bibi wa familia ile alikuwa amekwisha kula vijiko viwili alipoambiwa, akainuka mezani, na hadi leo sijaisahau sura yake. Nilikuwepo, na sikuuliza lolote.

Katika Kihindi, "shak" ni mboga za majani na mimea mingine ya kuliwa, na "ahar" ni chakula, hivyo shakahari ni mtu ambaye chakula chake hutokana na mimea. Kinyume chake ni "mansahari", kutoka "mans", yaani nyama. Wahindi wengi wa hapa kwetu huzungumza Kigujarati au Kikachi nyumbani, lakini Mgujarati naye hulitumia neno shakahari kwa maana hiyo hiyo. Sisi, kwa upande wetu, huita mboga chochote cha kulia ugali: ukiuliza leo mboga ni nini, unaweza kujibiwa dagaa, mlenda au nyama ya mbuzi, na aliyekujibu hajakosea Kiswahili. Ndiyo maana kumwita shakahari "mla mboga" hakumlindi mgeni hata kidogo.

Kuna mipaka mingine ambayo tafsiri hiyo haiioneshi. Maziwa, mtindi na samli ni halali kwa shakahari, ila yai, ambalo kwa Kihindi ni "anda", kwa kawaida huhesabiwa upande wa nyama. Hata kanuni za India za vifungashio vya vyakula huyaweka mayai upande huo na kuyaacha maziwa, ambapo chakula cha shakahari hutiwa alama ya kijani na kingine alama ya kahawia. Wajaini, wafuasi wa dini moja ya India inayokataza kuua viumbe, wanaposhika desturi yao kikamilifu huacha pia vitunguu, vitunguu saumu, viazi na karoti, kwa kuwa kung'oa mzizi ni kuua mmea mzima pamoja na viumbe vidogo vya udongoni. Kwa mgeni wa namna hiyo, sahani yetu ingekuwa na kosa hata bila ile supu.

Si kwamba hatuna cha kuwapa shakahari. Loshoro ya Waarusha na Wameru, yenye mahindi na maziwa mgando, inamfaa, na kiburu cha Wachaga cha ndizi na maharage kinamfaa vilevile, mradi sufuria haikutiwa mchuzi wa nyama.

Ninachoomba ni kwamba orodha zetu za vyakula ziache kuandika "chakula cha mboga" na badala yake ziandike "hakina nyama, samaki wala mayai", na mhudumu amuulize mgeni kuhusu mayai na vitunguu kabla oda haijafika jikoni. Gazeti lako nalo, linapoandika habari za mapishi, lisiwaite watu hawa "wala mboga".

Mpishi,
Njiro, Arusha