Usihame ghorofa ya nne

Wete, Pemba

Kwa mwanangu,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Baada ya salamu, sisi huku hatujambo, alhamdulillah. Baba yako bado anapanda mikarafuu kama kijana na hasikii la mtu. Mvua zilikuwa nzuri, majimbi ya kule bondeni yamenawiri.

Dadaako ameniambia unataka kuihama nyumba ya Michenzani hapo mjini Unguja, ghorofa ya nne, kwa kuwa ngazi zinakuchosha, na umeshapata chumba cha chini karibu na kazini, ukitoka kitandani umeshafika ofisini. Yeye ameniletea kama habari njema. Nimeona bora niandike, maana kwenye simu weye husema tu "sawa mama, sawa mama," ukakata.

Usihame, baba. Na kama ni lazima uhame, tafuta pengine penye ngazi.

Najua utacheka. Lakini mwaka 1953 daktari mmoja wa Uingereza, Jerry Morris, na wenzake walichapisha utafiti wao juu ya watu wa mabasi ya London. Mabasi yale ni ya ghorofa mbili. Dereva anakaa kutwa kwenye kiti. Kondakta anapanda na kushuka akikata tiketi, mamia ya vidato kila siku ya kazi. Kampuni yao moja, mji wao mmoja, maisha yao yanakaribiana. Madereva ndio walioonekana kuugua moyo zaidi, na kondakta akiugua, mara nyingi ilikuwa umri umeshasogea na alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kupona. Watu wakasema, aa, labda wanaochagua udereva ni wanene tangu mwanzo. Basi wale mabwana wakatazama hata vipimo vya viuno vya suruali za sare! Kweli madereva walikuwa na viuno vikubwa zaidi. Lakini hata ukiweka mwembamba kwa mwembamba na mnene kwa mnene, kondakta bado alikuwa na nafuu. Kwa hiyo usiniambie kwamba wewe ni mwembamba, yasikuhusu.

Sasa nikueleze kinachotokea ndani, kwa sababu skuli ulisoma mambo haya ukayafaulu, kisha ukayaacha kwenye karatasi ya mtihani.

Damu yako yote, lita tano hivi, ina sukari ya kijiko kimoja tu cha chai, gramu tano au pungufu kidogo. Mwili unalinda kiasi hicho usiku na mchana. Chupa moja ya soda ina gramu thelathini na zaidi, kiasi cha mara saba ya iliyomo kwenye damu nzima, nayo unaimaliza umesimama dukani. Hiyo sukari lazima iende mahali. Kongosho linatoa homoni ya insulini, na insulini inaziambia seli zifungue zipokee. Ini linachukua kiasi, gramu mia hivi. Misuli ndiyo inayochukua nyingi, kiasi cha gramu mia nne kwa mtu mzima, na misuli mikubwa kuliko yote unayo mapajani na matakoni. Ndiyo hiyo unayoikalia kutwa mbele ya kompyuta.

Umeshawahi kuona ghala la karafuu msimu mkubwa? Likijaa na mzigo hautoki, magunia yanabaki nje, hata mlinzi apige kelele vipi. Misuli isiyotumika ndivyo ilivyo. Imejaa sukari ya jana na juzi, insulini inagonga, haifunguliwi. Kongosho linaongeza insulini, siku zinakwenda, miaka inakwenda, mwisho linachoka. Hapo ndipo watu wanaposema fulani kapata sukari. Hakuipata siku ile. Alikuwa nayo njiani zamani.

Na jambo hili mie hunifurahisha kila nikilifikiria: msuli unapofanya kazi, unavuta sukari kutoka kwenye damu wenyewe, bila ya kungoja insulini. Ndiyo maana mtu mwenye sukari akitembea baada ya kula, kipimo kinashuka. Ukipanda zile ngazi ukishamaliza chakula cha mchana, tayari umeshaifanya dawa. Ukianza kupita miaka thelathini, misuli usiyoitumia inapungua, asilimia 3 hadi 8 kila miaka kumi, na wewe umri huo umeshauingia. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa kumtoa jasho kila wiki, na siku mbili za kazi nzito ya misuli. Dakika 150 ni kutoka Michenzani kwenda Forodhani kwa miguu na kurudi, siku nne za wiki, tena bila ya kukimbia. Wala sitaki kusikia kuwa wewe unashiriki mazoezi ya tarehe 1 Januari pale uwanja wa Amaan. Fulana nimeiona kwenye picha. Siku moja kwa mwaka ni sherehe.

Mwanangu, mimi nimevaa sare ya uuguzi tangu hujazaliwa, na maradhi niliyoanza nayo kazi yalikuwa ya kujitangaza. Malaria inakutetemesha, hata mtoto wa miaka mitatu anajua anaumwa. Kichocho kinakutoa damu kwenye mkojo, na wavulana wa Pemba wa wakati ule walikuwa wakitazamana mikojo mtoni. Matende na mabusha kila mtu anayaona. Tulipambana nayo. Mwaka 2003 Zanzibar ilianza kutumia dawa mseto, vyandarua na kupiga dawa majumbani vikafuata, na malaria ikashuka hadi chini ya asilimia moja ya watu wanaopimwa katika jamii. Dawa za matende na kichocho tumezigawa nyumba kwa nyumba hadi viatu vikatoboka. Sijasema yamekwisha. Nasema kwamba tulizoea adui anayebisha hodi.

Presha na sukari hazibishi hodi. Hili ndilo watu wetu bado hawajalikubali. Mtu anakuja na presha ya 190 kwa 110, amepanda baiskeli kutoka Gando, ananiambia "dada, mie mzima, nimemsindikiza mke wangu tu." Naye kweli hasikii kitu. Wanasema presha inaumiza kichwa. Mara nyingi haiumizi chochote hadi siku mdomo unapokwenda upande.

Bibi yako mzaa baba unamkumbuka? Mwembamba vile, hakuwa na kitambi hata kidogo. Sukari yake ilijulikana siku alipochomwa na mwiba wa mchongoma, akatembea nao siku kadhaa bila ya kujua. Sukari ikikaa juu miaka mingi inaharibu mishipa midogo ya damu na ile ya fahamu, na huonekana zaidi miguuni, machoni, kwenye figo. Mguu hauhisi, na damu ya kuponya kidonda haifiki sawasawa. Alikatwa vidole viwili. Majirani wakasema insulini ndiyo itakayommaliza. Aliishi miaka mingi na insulini yake kwenye mtungi wa maji baridi, na kabla ya mwaka 1922, mwaka aliopigwa sindano mtu wa kwanza kule Toronto, hiyo miaka mingi isingekuwepo kwa wengi. Kinachomaliza watu ni kuchelewa.

Weye una damu ya bibi yako, na baba yako naye anameza vidonge vya presha (anapokumbuka). Ndiyo maana nakusema wewe kuliko wengine.

Chakula sasa. Sitakwambia uache wali wa nazi, maana hutaacha, na mimi mwenyewe sitaacha. Lakini mafuta ya nazi kwa sehemu kubwa ni yale yanayoganda, yanayopandisha kolestero mbaya, kwa hiyo tui zito kila siku, mchana na usiku, ni mengi. Huku kwetu zamani tui zito lilikuwa la wageni na Ramadhani. Sahani yako igeuze: nusu yake iwe mboga, mchicha, kisamvu, matembele, bamia, chochote cha Darajani kilicho rahisi siku hiyo. Robo samaki au kunde, choroko, mbaazi. Robo inayobaki ndiyo wali. Najua wewe huweka wali kwanza halafu unatafuta pa kuweka mchuzi. Dagaa usiwadharau kwa kuwa ni wa bei ndogo, wanaliwa na miba yao, na miba hiyo ni chokaa ya mifupa. Muhogo, majimbi na shelisheli ni vyakula vyema vikichemshwa, vikikaangwa vinakunywa mafuta. Chungwa lile, usilikamue: ukilikamua unabaki na sukari na kuitupa nyuzinyuzi inayoichelewesha. Juisi ya miwa ya Forodhani ni sukari tupu hata kama umeiona ikikamuliwa mbele ya macho yako. Urojo kula, lakini si chakula cha jioni cha kila siku, na zile bajia na chipsi za juu yake unazihesabu?

Chumvi ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi kwako kwa sababu ya presha ya nyumbani kwetu. Kiwango cha mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai, na ndani ya kijiko hicho hesabu boflo, hesabu papa mkavu, hesabu vile vidonge vya mchuzi unavyovunja kwenye kila sufuria. Chumvi inashika maji, maji yanaongezeka kwenye damu, mishipa inasukumwa kwa nguvu zaidi. Papa mkavu mroweke, mwage maji, mroweke tena. Ndizi, mchicha, maboga na maji ya dafu vina potasiamu, inayozisaidia figo kuitoa chumvi. Aliyeambiwa figo zake zina tatizo asijitibu kwa dafu, amuulize daktari kwanza.

Sigara sizungumzi. Unajua ninavyosema.

Na hizi dawa za kwenye mitandao za "kuondoa sukari kabisa kwa siku kumi na nne", usimpelekee baba yako hata moja. Mie si adui wa miti shamba. Mlonge ni mboga nzuri, na metformini, kidonge cha sukari kinachotumika dunia nzima, asili yake ni utafiti wa mmea wa Ulaya ambao watu waliutumia kama dawa karne nyingi. Lakini kidonge kina kipimo kinachojulikana na kimejaribiwa kwa watu wengi, na majani ya chupani hayana kipimo wala jina la aliyeyapika. Nimepokea watu walioacha vidonge kwa ajili ya chupa hizo wakaja wakiwa hawajitambui. Kila mmoja wao alisema alikuwa anajisikia vizuri.

Ninalokuomba ni hili. Kabla ya mwisho wa mwezi huu nenda kituo cha afya asubuhi, hujala wala hujanywa chai. Wapime sukari. Ikiwa chini ya 5.6 (kwenye mashine imeandikwa mmol/L) tutashukuru, ikiwa 7 au zaidi warudie siku nyingine kabla hujaitwa mgonjwa, na katikati yake ni onyo. Kisha presha. Kaa dakika tano kimya, mgongo umeegemea, miguu chini usiikunje, mkono uwe mezani usawa wa moyo, na usizungumze wakati mashine inavuta. Najua wewe utazungumza. Wakupime isipungue mara mbili. Ikikaribia 120 kwa 80 sawa, ikifika 140 kwa 90 usiogope, lakini rudi siku nyingine, na nipigie mie, si dadaako.

Ukirudi nyumbani chukua uzi, upime urefu wako toka unyayoni hadi utosini, ukunje katikati ubaki nusu, kisha uzungushe kiunoni usawa wa kitovu bila kuvuta pumzi ndani. Uzi ukikutana, vizuri. Usipokutana, mafuta yameshaanza kukaa tumboni, na mafuta ya ndani ya tumbo, yaliyozunguka ini, ndiyo yanayoifanya insulini isisikilizwe. Huo uzi haudanganyiki kama mizani.

Nipelekee namba zote kwa ujumbe wa simu, sio "kila kitu sawa mama."

Kuna kijana wa hapa Wete anavuka kwa boti Alkhamisi, nimempa mzigo wako: majimbi, kunde mbichi, na ile shati aliyokushonea ami yako. Halua sikutia. Ya Wete unaijua, na weye hujui kuila kipande kimoja. Ukija Idd utaila hapa hapa, mbele yangu.

Mama yako