Malalamiko kuhusu pampu ya injeksheni ya Peugeot 504 mliyoirekebisha

Nairobi,
Aprili 2024

Kwa Meneja,
Kitengo cha Pampu za Injeksheni

Bwana/Bibi,

KUH: PAMPU YA KUGELFISCHER, PEUGEOT 504 INJECTION

Mwezi Februari nililileta gari langu katika karakana yenu ili pampu yake ya Kugelfischer, ile inayosukuma petroli kwenye injini badala ya kabureta, ifunguliwe, isafishwe, iwekwe sili mpya na kupimwa. Nililipa pesa zote kabla ya gari kutoka getini. Nimeambatisha nakala za risiti, fomu ya kazi na karatasi ya vipimo.

Naomba muanze na fomu ya kazi. Mpokezi wenu aliniuliza gari ni la matumizi gani, nikamwambia, naye akaandika kwa mkono wake: "la barabarani, kila siku, Nairobi." Hakuandika mashindano. Sikuomba nguvu zaidi wala mwendo zaidi. Nilitaka gari la kunipeleka kazini na kunirudisha, kama lilivyokuwa likifanya kabla sili hazijaanza kuvuja.

Nililorudishiwa ni gari linaloridhika likikanyagwa hadi mwisho tu. Asubuhi kwenye foleni ya Waiyaki Way, gia ya pili, mguu ukiwa umegusa eksilereta kidogo, linatoa moshi mweusi na kushtukashtuka hadi wenye matatu wananipigia honi na kunionyesha kwa vidole. Barabara ikifunguka nikakanyaga kwa nguvu, moshi unakatika na gari linachangamka. Nikipanda Limuru hali inakuwa mbaya zaidi. Plagi zikitolewa ni nyeusi kama masizi ya chungu. Kinachonitia hofu hasa ni oili: kijiti cha kupimia kinanuka petroli, na kiwango kinapanda badala ya kushuka. Petroli ikiosha kuta za silinda na kuteremka kwenye oili, beringi za injini hazina muda mrefu. Ndiyo maana nimeliegesha gari.

Fundi wenu aliponijibu kwa simu alisema pampu haina kasoro kwa sababu "imepita kwenye meza," yaani meza yenu ya kupimia pampu. Nimeisoma karatasi ya meza hiyo. Ina kipimo kimoja tu: mkono wa pampu ukiwa umefunguliwa hadi mwisho, kwa kasi ya juu. Hivyo ndivyo mnavyopima pampu za dizeli za malori, na kwa kazi hiyo sifa zenu nimezisikia. Lakini pampu hii si ya dizeli, na mimi siendeshi nikiwa nimekanyaga hadi mwisho. Hakuna anayeweza kufanya hivyo kati ya Westlands na mjini.

Mnajua jinsi Kugelfischer inavyofanya kazi, au mlipaswa kujua kabla ya kuifungua. Ndani yake mna koni iliyochongwa kwa umbo maalumu, nayo ndiyo inayoamua kila pistoni ya pampu isukume petroli kiasi gani. Koni hiyo huitikia mguu wa dereva na kasi ya injini, pamoja na nyongeza kidogo ya petroli wakati maji ya injini bado ni baridi. Basi. Haina kompyuta, wala haina kihisi kwenye ekzosi cha kuiambia kwamba petroli imezidi. Gari la kisasa likisetiwa vibaya kidogo hujirekebisha lenyewe. Hili hubaki vile vile fundi alivyoliacha, kwa hiyo kazi ya fundi hapa ina uzito kuliko kwenye gari lingine lolote mnalolipokea.

Sasa njooni kwenye ile fimbo inayounganisha kilango cha hewa na mkono wa pampu. Urefu wake una kipimo, na vitu hivyo viwili lazima vifunguke kwa pamoja. Mkono wa pampu ukitangulia hata kidogo, petroli inaingia kabla hewa yake haijafika. Ukikanyaga hadi mwisho kosa hilo halionekani, maana pande zote mbili zimeshafunguka. Kwenye mguu mwepesi, ambapo kilango kimefunguka upenyo tu, kosa dogo la fimbo ni sehemu kubwa ya mchanganyiko mzima. Dalili zangu zote zinaelekea huko. Na nati za fimbo hiyo zina alama mpya za spana. Gari lilipokuja kwenu hazikuwa nazo.

Kuna pia suala la mwinuko. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na kanieneo ya hewa hapa ni pungufu ya ile ya Mombasa kwa karibu asilimia 18. Pampu hii haitambui hilo. Ikisetiwa kwa namba za usawa wa bahari itaendelea kumimina petroli ya Mombasa kwenye hewa ya Nairobi. Karatasi yenu haionyeshi kwamba mwinuko ulizingatiwa popote. Haionyeshi pia kama pampu ilipimwa kwa petroli au kwa yale mafuta ya kupimia pampu za dizeli, ambayo ni mazito zaidi na hayavuji kwenye pistoni kwa kiasi kile kile. Nataka jibu la maandishi kwa yote mawili.

Nilipolalamika mara ya pili niliambiwa niitoe pampu kabisa nifunge kabureta ya pikapu, kwa kuwa injeksheni ya aina hii "haiwezi barabara zetu." Samahani, lakini hilo haliwezi kusemwa na kampuni yenye kitengo cha injeksheni. Bert Shankland alishinda Safari Rally mwaka 1966 na tena 1967 kwa Peugeot 404 Injection, kwenye matope ambayo madereva wa leo hawayajui. Ove Andersson akashinda mwaka 1975 kwa 504. Na tuache mashindano: 504 ilipotoka mwaka 1968, injeksheni ilikuwa kwenye orodha ya bei kwa mtu yeyote mwenye familia na safari za kawaida. Kama hamuwezi kuihudumia, mngesema siku ile ile ya kwanza, ningeondoka bila kinyongo.

Ninachodai ni hiki. Pampu na fimbo vipimwe upya bila malipo, kuanzia gari likiwa limesimama injini ikinguruma, kisha mguu mwepesi, hadi mwisho, na baada ya hapo fundi atoke nalo barabarani nikiwa nimeketi kando yake. Oili, chujio na plagi zibadilishwe kwa gharama yenu. Nirudishiwe springi na vipande vyote vya zamani mlivyovitoa, hata kama vimechakaa, kwa sababu vipuri vya pampu hii havipatikani kwenye maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road. Na kama mtaona kazi hii imewashinda, nirudishieni pesa zangu zote pamoja na gharama ya kulivuta gari hadi kwa fundi mwingine.

Ibara ya 46 ya Katiba inanipa haki ya huduma yenye ubora unaofaa, na Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012 inaeleza wajibu wenu. Kiasi ninachodai kiko mbali chini ya shilingi milioni moja, kwa hiyo Mahakama ya Madai Madogo inatosha kabisa. Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Mkituma fundi kabla ya hapo, aje na geji ya pembe ya kupimia kilango cha hewa; kompyuta ya kusomea magari aiache ofisini, hakuna mahali pa kuichomeka.

Wenu,

Mwenye gari
(jina, sahihi na namba ya gari viko kwenye fomu ya kazi iliyoambatishwa)