Barua kutoka Cusco: mlima uliopinduliwa

Cusco, Peru
Julai

Mpendwa Mama Neema,

Salamu nyingi sana kutoka kwangu na kwa shemeji yako. Sisi ni wazima, ni miguu tu inayodai mapumziko. Natumaini hapo Marangu hamjambo nyote, na Neema amefungua shule vizuri. Ujumbe wako niliupata tukiwa njiani, ila maswali yako hayakuwa ya kujibiwa kwa vijisentensi vya simu. Leo tumerudi mjini, shemeji yako amelala, nami nimepata meza karibu na dirisha. Basi nakujibu kwa kirefu.

Umeuliza kama milima ya huku inafanana na wetu, Kilimanjaro. Swali hilo nimelibeba njia nzima, na jibu langu ni kwamba huku mlima umepinduliwa. Kwetu tunaishi chini, kwenye vihamba, mashamba yetu ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba. Juu yetu kuna msitu, na juu ya msitu ni nyasi na mawe, ambako hapandi mtu ila mgeni na wanaombebea mizigo. Kwa watu wa Andes ni kinyume chake: wao wanaishi juu kwenye baridi, na msitu uko chini yao upande wa mashariki, unashuka weee mpaka unakuwa Amazon. Cusco penyewe ni mita 3,400 hivi, na ni mji wa watu laki kadhaa wenye masoko, vyuo, daladala zao na foleni. Kwetu ukifika kimo hicho uko katikati ya Mandara na Horombo, vile vibanda vya kulala wapanda mlima, na huoni hata moshi wa jiko la mtu.

Urefu huo tuliusikia mwilini. Tuliruka kutoka Lima, iliyo pwani kabisa, na baada ya saa moja na kitu tukawa Cusco. Shemeji yako, na miaka yake yote ya kuongoza wageni Kilimanjaro, alishikwa na kichwa usiku ule kama mtu mwingine yeyote. Wenyeji walitupa chai ya majani ya koka, ambayo huku ni kitu cha kawaida cha kila nyumba, tukanywa, tukalala mapema. Kesho yake tulishuka kwenye bonde la Urubamba, kwenye mji mdogo wa Ollantaytambo ulio kama mita 2,800, tukaupa mwili nafasi ya kuzoea. Kisha ndipo tukaanza kupanda tena, pole pole, kwa miguu, kila mmoja na begi lake mgongoni.

Kitu nilichotaka kukusimulia kuliko vyote ni kile kijiji cha bonde la Lares. Kiko juu kidogo ya Horombo. Hebu fikiria, pale ambapo kaka yako anasema maji hugandia kwenye chupa usiku, pana shule, pana uwanja wa mpira, pana bibi anasokota sufi ya alpaka huku anatembea. Miti hakuna ya kutosha, kwa hiyo jikoni wanachoma samadi kavu. Nyumba ni za mawe na udongo, paa la nyasi ngumu inayoitwa ichu, na simbilisi wanakimbia sakafuni wakisubiri maganda. Simbilisi hao ni kitoweo cha sikukuu.

Tulifika msimu wa kuvuna viazi. Shambani walipanga mabonge ya udongo mkavu wakajenga tanuri dogo lenye mlango, wakawasha moto ndani hadi udongo ukaiva na kuwa mwekundu. Wakavitumbukiza viazi, kisha wakalibomoa tanuri lote juu yake, wakalipigapiga kwa mgongo wa jembe mpaka moshi ukakata. Tukasubiri tukipiga soga kwa Kihispania cha kuungaunga. Vilipofukuliwa, Mama Neema, vilikuwa vya rangi ambazo sikuwahi kuziona kwenye kiazi: zambarau hadi ndani, vyekundu vyenye duara jeupe katikati, vyeusi vilivyojikunja na kujaa vifundo. Tulivila kwa pilipili iliyosagwa na majani yenye harufu kali, vidole vikiungua na mdomo ukinuka udongo wa moto. Andes ina aina zaidi ya 4,000 za viazi, na kile kiazi mviringo cha chipsi zetu asili yake ni milima hii. Wakulima wale wanapanda aina nyingi kwenye kipande kimoja cha shamba, ili baridi au ugonjwa ukiua hizi, zile zibaki. Nilimkumbuka mama mkwe na kihamba chake.

Vinavyobaki wanavitandaza nje usiku wa baridi kali vigande. Asubuhi wanavikanyaga kwa miguu mitupu kutoa maji, jua linavikausha, wanarudia siku kadhaa. Vikikauka hivyo vinaitwa chuño na vinakaa miaka bila kuharibika. Baridi ile ile inayotutesa hemani, wao wameifanya ghala.

Kutoka huko tulikwenda njia ya Salkantay. Mlima huo una mita 6,271, unaupita Kibo, kilele cha Kilimanjaro, lakini sisi tulipita ubavuni mwake, kwenye mlango, yaani mwanya wa kuvukia mlima, ulio kama mita 4,600, karibu kimo cha kibanda cha Kibo. Upepo ulikuwa mkali, jua kali vilevile, na barafu iko juu ya kichwa chako karibu hata unaisikia ikipasuka. Pale kwenye mlango kuna vichuguu vya mawe vilivyowekwa na wapita njia kwa vizazi na vizazi. Mwenye nyumbu wetu alishika majani matatu ya koka, akayapulizia kuelekea mlimani kabla ya kuyaweka chini ya jiwe. Kwao mlima ni mzee wa kuheshimiwa, wanamwita Apu. Shemeji yako alivua kofia. Akaniambia baadaye kwamba babu yake naye alikuwa akielekea Kibo anapomwaga mbege, pombe yetu ya ndizi, kwa ajili ya wazee waliotangulia.

Mwenye nyumbu huyo alituonyesha kwa fimbo mahali barafu ilipofika alipokuwa mtoto. Sasa ni mwamba mtupu. Sehemu kubwa ya barafu ya milima ya ukanda wa joto duniani iko Peru, na inayeyuka kama yetu inavyoyeyuka. Tofauti ni kwamba hapa kuna watu wanaokinga maji yake moja kwa moja kwa ajili ya mashamba na mifugo. Nilitamani kumwambia kwamba nasi tunaiona Kibo ikibaki na mabaka tu, na nilimwambia, mwongozaji wetu akitafsiri. Akatikisa kichwa, tukaendelea kutembea.

Sasa habari ya kaka yako na kazi yake ya upagazi, maana najua ndiyo unayoingoja. Kwenye Salkantay mizigo hubebwa na nyumbu, wale wanyama waliozaliwa na punda na farasi. Lakini kwenye ile njia maarufu ya Inka inayoingia Machu Picchu, mji wa kale wa mawe wa Wainka, nyumbu hawaruhusiwi, kila kitu kinabebwa na wanadamu: mahema, meza, mitungi ya gesi. Njia hiyo inapokea watu 500 tu kwa siku, wapagazi na waongozaji wakiwemo, na kila Februari inafungwa ipumzike na itengenezwe. Mwaka 2001 walitunga sheria ya wapagazi, mzigo usizidi kilo 20, na mizani iko mwanzoni mwa njia. Ollantaytambo tulikaa na mzee mmoja aliyebeba ujana wake wote. Anasema kabla ya sheria mtu alibeba alichopewa, na analala alipopata. Alitaka kujua wagumu, wapagazi wetu wa Kilimanjaro, wanabeba kiasi gani. Shemeji yako alipomwambia kwamba nasi kikomo ni kilo 20 na tunapimwa getini, mzee aliuliza swali moja tu: na chakula wanakula kile kile cha wageni? Shemeji yako hakuwa na jibu zuri. Kwa kweli walizungumza mpaka giza likaingia, na mimi nilijisikia vizuri kuona kazi ya kaka yako inaeleweka hadi upande wa pili wa dunia. Sheria kwenye karatasi bado si shibe. Hilo wamekubaliana wote wawili, nami naliamini kabisa.

Baada ya mlango wa Salkantay ni mteremko. Asubuhi umevaa glavu, kesho yake mchana umevua hadi sweta, ndizi zinaning'inia juu ya njia. Na chini ya migomba kuna nini? Kahawa! Kahawa chini ya kivuli, kwenye mteremko, nyumba katikati. Maeneo ya Santa Teresa familia zinalima, zinakaanga kwenye kikaango cha udongo na kusaga papo hapo. Mama mwenye shamba alinipa kinu, nikageuza mwenyewe. Kahawa ilitoka Afrika ikaja huku, viazi vikatoka huku vikaja kwetu, na pale kwenye kimo kama cha Marangu nilikuwa nimeshika vyote viwili katika safari moja.

Machu Picchu ni pazuri mno, mawe yamekaa pamoja bila chokaa tangu karne ya 15 na wembe haupiti. Picha umeziona. Niongeze tu kwamba Hiram Bingham anayetajwa kupagundua mwaka 1911 aliwakuta wakulima wanaishi pale pale, wanalima kwenye matuta ya Wainka, na ni mwenyeji aliyempeleka. Nasi tunaijua hadithi hiyo kwa Hans Meyer, Mjerumani anayetajwa kuwa wa kwanza kufika kilele cha Kibo, na mwaka wake wa 1889.

Halafu msitu wenyewe. Kutoka Cusco gari linapita Paucartambo, linapanda hadi Acjanaco kama mita 3,500, na hapo ardhi inakatika. Chini yako ni mawingu tu. Barabara ya Kosñipata inaingia humo ndani, na kwa mchana mmoja unashuka kutoka nyasi za baridi hadi joto la kutoa jasho umekaa. Mikangaga imekuwa miti mizima, kila tawi limevaa kuvumwani na okidi, maji yanadondoka bila mvua. Jioni tulijibanza kimya kuwatazama tunki, ndege wa taifa wa Peru. Madume mekundu ya moto yanakusanyika kuinama na kukoroma, jike la kahawia limekaa pembeni linachagua. Shemeji yako alisahau hata kupiga picha.

Kutoka Atalaya tulipanda mtumbwi wa injini kwenye mto Alto Madre de Dios, kando ya hifadhi ya Manu. Alfajiri moja tulifika kwenye ukingo wa udongo mwekundu. Walianza kasuku wadogo, mamia, kisha kasuku wakubwa wenye mikia mirefu wakatua wawili wawili wakaanza kuumegua udongo na kuula. Wanatafuta chumvi, maana huku bahari iko mbali mno. Chakula kilikuwa samaki wa mtoni, ndizi za kuchoma na mihogo, na mihogo asili yake ni Amerika Kusini, Wareno ndio walioileta Afrika. Nilikula kwa heshima.

Uchungu upo pia. Mbele zaidi mtoni watu wanachimba dhahabu kwa zebaki, wanakata msitu hadi mchanga mweupe. Baba yako aliyefanya kazi Geita ataelewa samaki wanapatwa na nini.

Kuhusu swali lako la mwisho, ndiyo, mnaweza, wewe na mzee wako. Anzeni kuweka akiba sasa. Njooni kati ya Mei na Septemba, wakati wa kiangazi. Chanjo ya homa ya manjano mchome mapema na kadi ya njano msiiache nyumbani. Mkifika, shukeni Ollantaytambo kwanza kabla ya kujaribu chochote. Na begi la kila mtu lisizidi anachoweza kubeba bila kumtafuta mwingine.

Tunaondoka Cusco Jumamosi. Kahawa ya yule mama nimeifunga vizuri, nusu ni yako. Msalimie sana kaka yako, umsomee ile sehemu ya mizani na swali la chakula, nataka kusikia atakavyolijibu yeye.

Wako akupendaye,
Mama Amani