Sindano ya tatu, mwanangu Kabula

Mwanangu Kabula,

Kadi yako ya chanjo ya homa ya ini B umeiacha juu ya kabati. Nimeiona asubuhi nikitafuta karatasi ya luku, nikakaa chini kabisa. Januari umechomwa, Februari umechomwa, Julai pako wazi. Uliponiambia kwenye simu kwamba mbili zinatosha nilinyamaza, maana wewe ndiye unayesomea uuguzi, mimi nauza dagaa sokoni Mwaloni. Lakini hazitoshi, mama.

Nesi aliyekuchoma nilimuuliza mpaka nikaelewa. Ndani ya ile sindano hamna kirusi, ni kipande cha gamba lake tu. Mwili ukikiona unatengeneza kingamwili, protini zinazotembea na damu usiku na mchana. Kirusi cha homa ya ini B kikiingia, zinakiganda kabla hakijafika kwenye ini. Kikikosa pa kukaa, hakipati ile miaka mingi ya kuliumiza ini mpaka saratani iote. Taiwan walianza kuchanja watoto wachanga 1984, na saratani ya ini kwa watoto wao ikapungua. Hiyo sindano ya tatu ndiyo inayozipandisha kingamwili zidumu. Nawe kazi uliyochagua ni damu za watu na sindano kila siku!

Ya mjomba wako unayajua. Ile miezi aliyokaa kwa mganga tumbo likijaa maji, aliyesema apelekwe huko ni mimi.

Wadogo zako walichanjwa wakiwa wachanga, kwa kuwa chanjo hiyo iliingia kwenye ratiba ya watoto nchini 2002. Wewe ni wa 1999. Kwa hiyo usinione nakusumbua. Julai, Kabula.

Karanga za Magu zimenyeshewa. Zilizoota ukungu nimezifukia, hata kuku sikuwapa. Zamani nilikuwa nachambua, nzuri zinakwenda sokoni, zilizosinyaa nasaga tunaungia mboga. Mlikula mkashiba, nikamshukuru Mungu. Habari za sumukuvu, ile sumu inayotoka kwenye ukungu, sikuwa nazo. Sasa naambiwa sumukuvu na kirusi hicho vikikutana kwa mtu mmoja, hatari ya saratani ya ini inazidi mara nyingi. Shukuru ulipima ukakutwa huna. Huko Mbeya usinunue karanga zilizosagwa tayari, nunua nzima uchambue mwenyewe.

Wenzangu Mwaloni nimewaambia mwanangu ni nesi, japo bado mwaka mmoja. Usiniangushe kwa uvivu wa kupanga foleni.

Mimi sijapima, najua utauliza. Jumatatu nakwenda na mama yako mdogo.

Bati la jikoni linavuja tena, fundi anataka elfu arobaini, nimemwambia asubiri mwisho wa mwezi. Dagaa nimempa kondakta, kiroba cha bluu, kimeandikwa jina lako. Kapokee stendi Alhamisi jioni. Usikimwage ovyo, kadi iko katikati, nimeifunga kwenye nailoni mbili isinuke.

Mama yako