Mheshimiwa Waziri, kwenda Mpanda ni lazima tupitie Dar?

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Uchukuzi,

Nakuandikia kuhusu kilomita 517. Huo ndio umbali wa angani, kwa mstari ulionyooka, kutoka uwanja wa ndege wa Dodoma hadi wa Mpanda. Ndege aina ya Bombardier Q400 ikishakaa sawa angani hukimbia hadi kilomita 660 hivi kwa saa. Ukijumlisha kupaa na kutua, ni safari ya saa moja na dakika chache.

Nilipoulizia tiketi ya kuwahi msiba huko, dada wa dirishani alinigeuzia kompyuta nijionee: Dodoma–Dar jioni, kulala, kisha Dar–Mpanda. Hakuna njia nyingine? "Labda basi, kaka." Basi lenyewe, kwa njia ya Manyoni na Tabora, ni zaidi ya kilomita 700.

Ukipitia Dar unaruka kilomita 389 kwenda mashariki, halafu 899 kurudi magharibi. Jumla karibu 1,290, mara mbili na nusu ya umbali wenyewe, na hela ya gesti juu. Kinachokera zaidi, mstari wa Dar–Mpanda unapita kilomita 50 na kitu tu kusini mwa jiji letu, kati ya Mvumi na Bwawa la Mtera. Yaani abiria wa Dodoma analala Dar, kisha asubuhi anapitishwa juu ya mkoa wake mwenyewe!

Najua nitaambiwa abiria hawatoshi kujaza viti 76 vya Q400. Dodoma na Mpanda peke yake huenda kweli wasitoshe, ndiyo maana siombi ndege mpya. Naomba ndege ya Dar–Mpanda itue Dodoma, na kituo hicho kiwe cha kudumu kwenye ratiba. Kwa kupitia hapa, safari nzima inarefuka kwa kama kilomita 7 tu. Gharama iko kwenye kutua na kupaa tena: mafuta, ada za uwanja, muda wa kukaa chini. Wataalamu wako waipige hesabu hiyo hadharani, wakitia ndani na watakaopandia hapa.

Nao wapo. Mtumishi wa Katavi, mkoa wenye Mpanda, anayeitwa wizarani siku hizi anakuja Mtumba, Mji wa Serikali hapa Dodoma. Mgonjwa anakuja Hospitali ya Benjamin Mkapa, mwanafunzi UDOM. Anayetoka Dar kuja Dodoma, tangu 2024 ana treni ya SGR, chini ya saa nne amefika. Wa Mpanda ana reli ya zamani ya kupitia Tabora na Kaliua, na aliyewahi kuipanda hahitaji maelezo yangu.

Songea nako ni yale yale: kilomita 500 moja kwa moja, karibu 970 ukizungukia Dar.

Kwenye uwanja mpya wa ndege wa Msalato, hapa Dodoma, tunajengewa njia ya kurukia ya mita 3,600. Itakuwa ajabu uwanja wa ukubwa huo, kwenye makao makuu ya nchi, ubaki stendi ya kwenda Dar.

Basi tujaribu miezi sita, siku mbili kwa wiki, na idadi ya abiria itangazwe kila mwezi. Ila siku hizo zisiwe Jumamosi na Jumapili, Mheshimiwa. Wizara zinakuwa zimefungwa.

Wako,
Mkazi wa Ipagala, Dodoma