Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wetu: tunaomba funguo ya choo

Mheshimiwa Dokta, shikamoo. Nasikia kwa umri wewe ni mdogo kwangu, labda hata kwa kitinda mimba wa mama yangu, lakini ofisi haina umri na mimi sikulelewa vibaya, kwa hiyo shikamoo tena.

Mimi ni mama lishe wa mwaloni, pale maboti yanaposhusha samaki, huku huku mkoani Kigoma, mwaka wa 11 huu nawapikia wavuvi na wachuuzi wa dagaa. Kijiji sikitaji, wewe unakijua. Ni kile chenye choo cha umma kilichopakwa rangi ya bluu, mlango mmoja umechorwa mwanaume, mwingine mwanamke, na getini kuna kufuli kubwa kama ngumi yangu. Kama kwenye halmashauri yetu vipo viwili vya namna hiyo basi hali ni mbaya kuliko nilivyodhani.

Nilikuwa nimeamua kunyamaza, kilichoniondoa kwenye ukimya ni Jumanne iliyopita. Saa 4 asubuhi bwana afya alikuja na mgambo wawili, mimi ndo nimetoka kuepua maharage kilo 3, nimeshayaunga na mawese, wateja wamekaa wanasubiri. Akauliza mama choo chako kiko wapi. Nikamwonyesha kwa kidole, kile kule cha bluu. Akasema kile bado hakijakabidhiwa. Nikamuuliza sasa mwanangu mimi nichimbe wapi, hapa mchanga mtupu, ukichimba futi 3 tu unakutana na ziwa. Hakujibu, akanisomea Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009, na sauti ya kusoma anayo, sisemi uongo, mwisho wake nikapigwa faini elfu 50 na sufuria langu likamwagwa pale pale mbele ya watu. Kuku wa jirani walishinda kwangu siku nzima.

Kontrol namba iliingia kwenye simu hata machozi sijafuta. Hapo niwapongeze, mnafanya haraka.

Sasa Dokta usije ukadhani nabishana na usafi. Kadi ya kupima afya ninayo na nimeilipia, aproni ninayo, kibuyu chirizi cha kunawia mikono nimetengeneza mwenyewe kwa dumu la lita 5, sabuni naitundika kwa kamba na kila wiki inaibiwa na kila wiki natundika nyingine. Lakini mtu akishakula kwangu akashikwa tumbo aende wapi? Maboti yanarudi alfajiri na taa zao, wanashuka wavuvi, wabebaji, madalali, akina mama wa kuanika, ni mamia ya watu kila siku ya Mungu, na wote hao wanaenda kwenye yale mawe ya kushoto. Ni hatua kama 40 kutoka wanapoanikwa dagaa mchangani. Dagaa hao hao wanapakiwa kwenye magunia wanapanda treni kwenda Dar, na wengine nasikia mnapelekewa zawadi huko maofisini, mle tu, mimi sisemi kitu. Mvua ikipiga kila kilichoko kwenye mawe kinashuka ziwani, na asubuhi yake wanawake wanateka maji pale pale, ya kuoshea vyombo na wengine ya kunywa, maana kuni za kuchemsha nazo ni hela.

Januari mwanangu wa miaka 4 alianza kuharisha usiku. Maji meupe kama ya kuoshea mchele, nikimpa kikombe anatapika, mpaka kufika saa 8 macho yameingia ndani na ukimfinya ngozi inabaki imesimama. Jirani alitubeba kwa pikipiki kwenye tope mpaka zahanati. Nesi wa zamu Mungu ambariki, hakuuliza hela kwanza, alihangaika kutafuta mshipa mpaka akaupata kwenye mguu, dripu tatu, na asubuhi mtoto akaomba chai. Waliniambia ni kuharisha tu, sawa, mimi maabara sina. Lakini sisi watu wa Kigoma hatuwezi kudanganywa kuhusu ugonjwa huo. Mwaka 2015 pale Kagunga, wakimbizi wa Burundi walipofurika kwa maelfu ufukweni, vyoo hakuna, maji ni hayo ya ziwa, kipindupindu kilipita na watu kama 30 kwa muda wa siku chache, tulikuwa tunaona meli ya Liemba inashusha watu bandarini na roho zinatutoka. Kwa hiyo nikiona maji ya mchele kwenye kanga ya mwanangu sihitaji cheti.

Na wewe mwenyewe ulituambia, Dokta. Oktoba, mkutano wa hadhara chini ya mwembe, ulisimama kwenye kiti cha plastiki kilichotoka bandani kwangu, ukasema maneno haya: kabla ya mvua za kwanza choo kitakuwa wazi. Watu tukapiga makofi. Mvua za kwanza zimenyesha, za pili zimenyesha, sasa ni Machi na kiti changu bado nakikalia, mguu mmoja umepata ufa.

Kwa nini hakifunguliwi, hapo kila mtu na lake. Wengine wanasema fundi hajamaliziwa hela yake. Wengine wanasema maji hayajavutwa, ila mimi nilichungulia, tanki liko juu, masinki yapo, buibui nao wamejenga. Mtendaji nilimuuliza akacheka tu. Wengine, na hawa ndo nawaamini zaidi ingawa naweza nikawa nakosea, wanasema kinasubiri Mwenge wa Uhuru uje ukizindue. Mimi Mwenge naupenda, nimeupokea toka niko shule ya msingi, lakini tumbo la kuharisha haliwezi kusubiri mbio za Mwenge jamani.

Kinachoniuma ni kwamba mkitaka mnaweza. Juni na Desemba watoto wanapata matone ya vitamini A, hakuna anayeachwa, wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanapita kaya kwa kaya na madaftari yao mpaka kwenye vibanda vyetu, chanjo inafika hata kwa boti. Marehemu baba yangu alikuwa anatusimulia mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya, wanakaa vikundi wanasikiliza redio halafu wanainuka na majembe wanaenda kuchimba vyoo, hela hakuna, barabara hakuna. Cha kwake kilidumu mpaka mimi naolewa. Na tusiende mbali, mwaka 2024 ziwa hili la Tanganyika serikali ililifunga kuvua upande wetu wote, tarehe 15 Mei, tukakaa na njaa miezi 3, Agosti likafunguliwa kama walivyosema. Ziwa, Dokta! Lenye nchi nne! Halafu choo cha matundu 8 ndo kimeshindikana kufungua.

Nilipoanza kuandika nilikuwa na madai mengi. Nilitaka elfu 50 yangu irudi, nilitaka na maharage yangu, nilitaka bwana afya aje aniombe radhi mbele ya wale wale wateja, na nilitaka unijibu ile faini inafanya kazi gani kama choo chenyewe mmekijenga nyie na mmekifunga nyie. Mume wangu amesoma akasema mama watoto punguza, watakufungia na banda. Haya nimepunguza. Faini nimeshalipa, nilikopa kwenye kikoba, mkae nayo. Maharage yamekwenda na kuku. Radhi hailiwi.

Naomba funguo tu. Kama usafi wa kila siku ndo tatizo, sisi wanawake wa mwaloni tuko 14 na tumeshapangana zamu, ndoo na fagio tunanunua wenyewe. Kama ni uzinduzi, Mwenge ukifika tutatoka wote, tutakifunga asubuhi hiyo na mtakata utepe kama vile hakijawahi kuingiwa na mtu, hakuna atakayesema. Na kama hakuna gari ya kuleta funguo mpe bodaboda yeyote pale stendi, mwambie ailete kwa mama lishe, banda la tatu kutoka kwenye mwembe. Nauli nitamlipa mimi akifika.