Usianze na Jeneza: Barua kwa Mpwa Wangu wa Nakuru

Mpwa wangu,

Salamu kutoka Kisumu. Mama yako ameniambia umeanza kutengeneza video za kuwakumbuka waigizaji na watangazaji wetu waliotangulia mbele ya haki, akanitumia ile ya kwanza. Nimeitazama hadi mwisho. Sauti yako inasikika vizuri na picha umezipanga kwa mpango. Lakini marehemu anaingia akiwa tayari jenezani, kisha tunaelezwa ugonjwa, hospitali, bili, nani alilia na nani hakufika. Video inakwisha na bado sijajua mtu huyu alifanya nini mbele ya kamera hata tukampenda. Nakuandikia hadharani kwa sababu si wewe peke yako. Ndivyo karibu sote tunavyowaaga.

Anza na kazi.

Mchukue Charles Bukeko, aliyeigiza Papa Shirandula katika kipindi cha jina hilo. Kila mtu anakumbuka kifo chake cha korona, Julai 18, 2020, na mazishi ya haraka haraka huko Funyula, Busia. Yalituuma, naam. Ila kipindi kilipoanza kwenye televisheni ya Citizen mwaka wa 2007 wewe ulikuwa bado mdogo, kwa hivyo ngoja nikueleze tulichokiona. Shirandula alikuwa soja wa getini aliyemficha mkewe Wilbroda kazi yake. Nyumbani alijulikana kama mtu wa ofisi, kazini alikuwa mtu wa rungu na sare. Kicheko chote kilichipuka kutoka hofu hiyo moja: je, Wilbroda akijua?

Sasa fikiria nani alikuwa anatazama. Kutoka huku Magharibi, wanaume wangapi wamekwenda Nairobi wakalinda mageti na kufua nguo za wenyewe, halafu Desemba wakashuka kwenye basi wamevaa suti? Wazee wa kwetu walicheka hadi machozi, na najua si machozi ya kicheko tu. Bukeko hakumdhihaki soja hata siku moja. Alikuwa na mwili mkubwa, na bado mbele ya tajiri aliweza kunywea akaonekana mdogo, kisha akirudi kwake anatanua kifua. Hiyo ni kazi ya mwigizaji aliyeiva. Tafuta vipande vya namna hiyo, uvionyeshe polepole, umwache mtazamaji aone bega linavyoshuka.

Halafu kuna Mzee Ojwang. Jina lake halisi lilikuwa Benson Wanjau, naye alituacha Julai 12, 2015. Alikuwa Mkikuyu. Kwa miaka mingi katika vipindi vya vichekesho vya Vitimbi na Vioja Mahakamani alizungumza Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo, na huku ziwani wapo watu ambao hadi leo ukiwaambia hakuwa wa kwetu wanakukatalia katakata. Kuiga lafudhi ya watu wengine ni jambo la hatari, kwa kawaida huishia kwenye matusi. Yeye Ojwang wake alikuwa mtu kamili: mjanja, mkaidi, mwenye huruma, anayeshindwa na mkewe wa kwenye kipindi, Mama Kayai, na kurudi tena na hila mpya. Tulikuwa tukimtazama kwenye televisheni ya Great Wall, nyeusi na nyeupe, iliyotumia betri ya gari, na betri ikianza kuisha picha ilijikunja pembeni lakini hakuna aliyeondoka.

Wewe unaishi Nakuru. Sina haja ya kukusimulia mwanzo wa 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, ulivyokuwa huko, wala hapa Kisumu, majirani walipoulizana majina ya ukoo. Na kumbe wakati huo wote tulikuwa na Mkikuyu aliyeitwa Ojwang, anayependwa na pande zote mbili. Mimi naamini hilo ni kubwa kuliko yote aliyofanya. Macho yake yalipoanza kufifia Wakenya walimchangia pesa za matibabu, na video nyingi husimama hapo, kwenye umaskini wake. Usisimame hapo.

Wa tatu vijana wa rika lako hawamjui kabisa, na hili linanikera: Joseph Olita wa Siaya. Mwaka wa 1981 aliigiza kama Idi Amin katika sinema ya Sharad Patel, Rise and Fall of Idi Amin. Amin alikuwa ameng'olewa Aprili 1979, miaka miwili tu kabla. Kumbuka pia kwamba mwaka wa 1976 Amin alikuwa amedai sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ni ya Uganda. Watu wa mpakani walilala na wasiwasi. Kisha anatokea mtu wa Siaya, mwenye umbo na sura ya kufanana naye, anavaa zile nishani na kumweka mtawala huyo mbele ya dunia nzima akiwa bado hai uhamishoni. Mira Nair alipotengeneza Mississippi Masala, iliyotoka 1991, Amin akawa Olita tena. Alifariki Juni 2014 kwao Siaya. Mtu wa kwetu aliyeonekana katika sinema za dunia, na sijui kijana hata mmoja mtaani kwangu anayelitambua jina lake.

Usiwasahau wa habari pia. Catherine Kasavuli, binti wa Vihiga, alisoma habari moja kwa moja hewani kituo cha televisheni cha KTN kilipoanza 1990, na kabla yake hakuna mwanamke aliyekuwa amefanya hivyo katika televisheni ya Kenya. Moja kwa moja maana yake ukikosea umekosea, hakuna kurudia. Wasichana wengi walijiona wanaweza kwa sababu ya utulivu ule. Saratani ya mlango wa kizazi ilimchukua Desemba 29, 2022, na kwa kuwa yeye mwenyewe aliizungumzia waziwazi, hapo ugonjwa utaje.

Kwa Olita ndiko ningependa uanzie. Waliomfahamu wanazeeka, na mtu akiondoka anaondoka na masimulizi yake. Likizo ikifika njoo Kisumu na kamera, hata ya simu inatosha. Jumapili tutazunguka soko la Kibuye tukiulizia kanda za zamani za video, maana wapo wauzaji wanaokuwa nazo chini ya meza. Jumatatu tupande matatu hadi Siaya tuwatafute wazee walioishi naye, tuwaulize alivyojifunza ile sauti, ile mikono, ule mwendo. Nauli na chakula ni juu yangu. Nijibu mapema nimpigie jamaa yetu wa Siaya atuandalie mahali pa kulala.

Mjomba wako